Msiitukane Mashine ya Fotokopi

Assalaamu alaykum. Nimepewa dakika ishirini, na nusu yake itaishia kwenye rola ya mpira. Mwenye haraka anivumilie.

Karatasi ikikwama, mtu huipiga mashine kofi, halafu humwita fundi. Fundi anafuta rola, anachukua chake, na kesho inakwama tena. Itaachaje kukwama, na rimu iko sakafuni, iko wazi tangu wiki iliyopita, na nje masika?

Ndani ya trei mna rola ya kuchukulia, na mkabala wake kipande cha kutenganishia, cha mpira au cha koki, ile ya vizibo vya chupa. Kazi yote imesimama juu ya misuguano mitatu. Wa rola na karatasi uwe mkubwa kuliko yote. Wa kipande na karatasi uwe wa kati. Wa karatasi kwa karatasi uwe mdogo kabisa. Hapo rola huvuta ya juu, na kipande huishika ya pili ibaki. Rola ikijaa vumbi la karatasi, msuguano wa kwanza hushuka: inazunguka patupu. Karatasi zikigandana kwa unyevu, wa tatu hupanda: zinaingia mbili, tatu kwa pamoja.

Basi isipochukua, futa rola kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kilichonyunyizwa maji kidogo. Si petroli, si mafuta ya taa, mpira utakufa! Ikichukua mbilimbili, rola haina kosa. Tazama karatasi zako, kisha tazama kama kipande kimelika.

Karatasi ya fotokopi hutoka kiwandani na maji kiasi cha asilimia 4 hadi 6 ya uzito wake. Iache mezani usiku mmoja hapa Unguja. Inakunywa unyevu kuanzia kingoni. Kingo zinatanuka, katikati bado kavu, inafanya mawimbi kama bati la paa. Halafu inapita kwenye rola za moto, nyuzijoto 180 hadi 200. Maji yanakuwa mvuke, karatasi inajikunja. Ukitoa kopi pande mbili, hiyohiyo iliyojikunja ndiyo inayorudishwa ndani, na ndipo inapokwama. Tena karatasi mbichi hupitisha umeme, chaji ya kuivuta tona, yaani wino wa unga, inavuja, maandishi yanatoka na mabaka meupe. Mwenye duka anakimbilia kununua tona mpya.

Kuna atakayesema, "Mimi nina kiyoyozi." Kiyoyozi unakizima jioni, bwana. Hewa ya joto yenye maji inaingia na kuikuta karatasi ya baridi. Umeiharibu zaidi ya asiye nacho.

Ganda la rimu lina plastiki au nta kwa ndani, ndiyo ngao yake. Usilichane mpaka wakati wa kutia kwenye trei. Iliyobaki ifunge kwenye mfuko, iweke juu ya ubao, mbali na ukuta. Ipepee kabla ya kuitia, na usipite alama ya mwisho ya trei.

Wala shida hii si yetu peke yetu. Chester Carlson, aliyevumbua fotokopi kavu, alipata nakala yake ya kwanza kavu tarehe 22 Oktoba 1938. Mashine ya fotokopi ya Xerox 914, iliyoitwa hivyo kwa kuwa ilikubali karatasi ya inchi 9 kwa 14, ilitoka 1959. Miaka 21! Na bado karatasi ilikwama karibu na moto ikaungua, hata mashine ikauzwa pamoja na kizimamoto kidogo, kikapewa jina la adabu ili mnunuzi asiogope.

Naona naonyeshwa saa. Ya kuimarisha karatasi nitayapitia mbio. Hati iliyobandikwa selotepu usiipitishe juu, kwenye kilishio kinachovuta hati zenyewe. Gundi hubaki kwenye rola. Iweke kwenye kioo, ndani ya plastiki safi inayoonyesha. Zile pete za kubandika kwenye matundu ya faili pia ni kwa kioo tu, unene wake hunasa.

Na hati kuukuu iliyochanika, selotepu usiiguse kabisa: inageuka manjano, gundi inapenya na doa halitoki. Chukua karatasi nyembamba ya Kijapani ya kozo, yaani ya nyuzi za gome la mti, ichane kwa mkono badala ya mkasi, ili kingo zibaki na nyuzi. Paka gundi nyepesi iliyopikwa kwa wanga wa ngano, bandika, funika kwa karatasi ya kunyonya maji, weka uzito juu, na usiiondoe mpaka ikauke.