Kinanda Ndani ya Kompyuta: Kukipiga Bila Sauti Kuchelewa

Karibu, ndugu mtazamaji, katika chumba changu hapa Sakina, Arusha. Leo nitakuonyesha namna ya kuweka kinanda ndani ya kompyuta na kukipiga bila sauti kuchelewa, kwa sababu wengi wanaonunua kwangu vinanda vidogo vya MIDI vya vitufe 25 (havitoi sauti vyenyewe, huiambia tu kompyuta umebonyeza kitufe kipi) huvirudisha baada ya siku mbili wakisema ni vibovu, ilhali kasoro iko kwenye mipangilio ya kompyuta zao.

Tutatumia programu mbili. Ya kurekodia ni REAPER, ambayo unaruhusiwa kuijaribu kwa siku 60 ikiwa na uwezo wake wote, kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60; mimi niliipendea udogo wa faili lake, maana halikimalizi kifurushi cha intaneti. Plagini yetu, yaani programu ndogo inayofanya kazi ndani ya REAPER, ni Surge XT, sintesaiza (ala ya kuunda sauti kielektroniki) ya bure ambayo msimbo wake uliachiwa hadharani mwaka 2018 na Claes Johanson, aliyeiunda. Kwa kuwa huunda sauti papo hapo badala ya kucheza rekodi, ni nyepesi kuliko piano za sampuli, yaani zinazocheza rekodi za piano halisi, ambazo moja tu huweza kufika gigabaiti kadhaa. Kupakua na kusakinisha unakujua, tuendelee.

Kabla hujagusa kitu kingine, chomeka hedifoni za waya. Narudia: za waya. Mwaka juzi nilirekodi utangulizi mzima wa wimbo wa kwaya yetu nikiwa nimevaa hedifoni za Bluetooth, vidole vikikimbizana na sauti iliyokuwa ikifika baadaye, na waimbaji walipousikiliza waliniuliza kwa upole kama nilikuwa mgonjwa siku hiyo.

Sasa bonyeza Ctrl na P, ingia sehemu ya kifaa cha sauti, kisha uchague ASIO, njia ya programu kuwasiliana na kadi ya sauti bila kuchelewa sana. Ikiwa unatumia Windows na huna kadi ya sauti ya nje, sakinisha kwanza ASIO4ALL, ambayo nayo ni ya bure. Hapa ndipo penye bafa, yaani idadi ya sampuli (hapa ni vipande vidogo mno vya sauti) ambazo kompyuta hukusanya kabla ya kuzitoa kwenye spika. Kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 512 huchelewesha sauti kwa milisekunde 12 hivi, sawa na kusikiliza spika iliyo umbali wa mita 4, bila kuhesabu ucheleweshaji wa kadi yenyewe. Ishushe hadi 128, upate milisekunde 3 hivi. Sauti ikikwaruza, panda hadi 256 na uridhike hapo. Kompyuta yangu ya zamani haijawahi kuvumilia 64.

Samahani, umeona ujumbe huo wa kosa? REAPER imekataa kufungua kadi ya sauti kwa sababu nimeacha kivinjari kikicheza muziki, na ASIO4ALL haipendi kugawana kadi na mwingine. Ninakifunga, ninafungua tena mipangilio, na sasa imekubali.

Bonyeza Ctrl na T upate mstari mpya wa kurekodia, gusa kitufe chenye herufi FX, chagua Surge XT, kisha washa kitufe chekundu cha mstari huo na uchague kinanda chako kuwa chanzo cha MIDI. Asiyekuwa na kinanda abonyeze Alt na B, atumie herufi za kompyuta. Ingawa ninauza vinanda, siwezi kumficha hilo.

Mvua hiyo unayoisikia kwenye bati ingekuwa imeniharibia rekodi ya gitaa, lakini plagini haina masikio, kwa hiyo ninabonyeza Ctrl na R na kupiga. Nikimaliza, ninahifadhi mara moja kwa Ctrl na S, kwa kuwa mvua ya hapa na umeme hawakai pamoja muda mrefu.

Utakapoanza kuchanganya sauti, pandisha bafa hadi 1024 ili kompyuta ipumue, maana hapo vidole havisubiri tena kusikia kitu. Ila ukirudi kurekodi, ishushe kwanza. Na hedifoni, tafadhali, za waya.