Sloti ya Kadi ya Grafiki: Jinsi ya Kujua Kama Inakula Fremu Zako

Karibuni sana. Leo tunaangalia sloti, ile ndefu kwenye mazabodi unapochomeka kadi ya grafiki. Kuna watu wanauza kadi nzima kwa bei ya hasara kumbe kinachowapunguzia fremu, yaani picha kwa sekunde kwenye gemu, ni sloti. Hapa mezani nina bodi ya B450, prosesa ya Ryzen 5 3600, na kadi ya RTX 3060 ya GB 12.

Zima, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa kasha. Hayo mnayajua.

Sogea hapa uone hizi sloti mbili. Urefu ni mmoja, uwezo ni tofauti kabisa. Ya juu, karibu na prosesa, ina njia 16 za kupitishia data zinazokwenda moja kwa moja kwenye prosesa. Ya chini, mulika tochi ndani: vipini vya dhahabu vinaishia karibu robo ya sloti, kwingine ni plastiki tupu. Hiyo ni x4, yaani njia 4, na kwenye bodi nyingi za B450 ni PCIe 2.0 (PCIe ni aina ya sloti hizi, namba ni kizazi chake) inayopitia kwenye chipseti, chipu ya bodi yenyewe, kwa hiyo inapitisha kama GB 2 kwa sekunde. Ya juu kwenye PCIe 3.0 inapitisha karibu GB 16. PCIe 4.0 ni mara mbili ya hapo, na 5.0 mara mbili tena. Kadi inakaa juu, basi.

Sasa polepole. Mwisho wa sloti kuna kibanio cha plastiki. Kabla ya kutoa kadi ya zamani, kibonyeze mpaka kiachie. Kwenye kasha dogo hakionekani kwa sababu kadi imekifunika, kwa hiyo tumia kijiti cha mbao, usitumie bisibisi, ikiteleza inachana nyaya za bodi. Narudia: kibanio kwanza, kadi baadaye. Ukivuta kwa nguvu kinavunjika, au sloti inang'oka nacho.

Chomeka, funga skrubu, washa. Fungua GPU-Z, programu ya kusoma taarifa za kadi, tafuta mstari wa Bus Interface. Kabla ya alama ya @ ni uwezo wa kadi, baada yake ni inachopata sasa. Ukiona 1.1 baada ya @ usishtuke, kadi imepumzika na kushusha kasi. Bonyeza alama ya kuuliza pembeni uipe kazi, kisha soma.

Ngoja. Inasoma x16 4.0 @ x8 3.0. Hiyo 3.0 ni sawa, ndiyo kikomo cha B450. Lakini x8 si sawa, tulitegemea x16. Tuzime tena, tuchomoe waya.

Mnaona hapa nyuma? Mstari wa dhahabu umechungulia juu ya ukingo wa sloti. Skrubu ilikazwa wakati bati la kadi limekaa upande, likainua mkia. Legeza skrubu, bonyeza kadi pande zote mbili mpaka kibanio kilie "tak", ndipo ukaze. Isipokubali, toa kadi (kibanio kwanza!), futa meno yake kwa isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, subiri ikauke. Washa... x16 3.0. Safi.

Je, fremu zitaongezeka sana? Kwa kadi hii, kidogo tu. Gemu ikishapakia tekscha, yaani picha zinazofunika vitu ndani ya gemu, kwenye memori ya kadi, sloti haina mzigo mkubwa. Hata RTX 4090 kwenye PCIe 3.0 x16 hupoteza asilimia chache. Balaa linaanza memori ikijaa, kwa sababu kinachozidi kinakaa kwenye RAM na kupita kwenye sloti kila kinapohitajika. Chukua RX 6500 XT ya 2022: memori GB 4, njia 4 tu. Ndani inasoma GB 144 kwa sekunde, lakini kwenye bodi ya PCIe 3.0 sloti inaipa kama 4. Hapo gemu inakwama-kwama vibaya. Dawa ni kushusha tekscha mpaka matumizi yashuke chini ya GB 4. Na wewe unayejenga kwenye kompyuta ya ofisini ya mtumba, Core i5 ya kizazi cha nne, hiyo ni PCIe 3.0, kwa hiyo hiyo 6500 XT iache dukani. Mimi ningetafuta ya njia 8 na memori ya GB 8, kama RX 6600.

Angalia na prosesa. Ryzen 5 5600G inabaki PCIe 3.0 hata kwenye bodi ya B550 yenye PCIe 4.0. Ryzen 5 3400G inatoa njia 8 tu, na 8500G inatoa 4.

Kwa wenye kebo ya raiza, ile ya kurefusha sloti ili kadi ikae mbali na bodi: kama ni ya 3.0 na kadi na bodi ni za 4.0, skrini inaweza kuzimika au ukapata makosa ya WHEA, yaani ripoti za hitilafu za vifaa, kwenye Windows. Ingia BIOS, mipangilio ya bodi kabla Windows haijawaka, badilisha sloti kutoka Auto kwenda Gen3, yaani PCIe 3.0. Fanya hivyo kabla ya kuhamishia kadi kwenye raiza, maana ukishahamisha huenda hata BIOS usiione.

Ukikwama, niandikie hapo chini mstari wa Bus Interface kama ulivyo, pamoja na jina la bodi na prosesa.