Pumzi 20 za kila mgonjwa

NEEMA: Karibuni, tupo Moshi, mimi ni Neema na niko na kaka Elibariki. Leo tunakaa na safu moja tu ya chati ya wodi: pumzi kwa dakika. Chati nyingi ukizifungua unakuta 20, 20, 18, 20. Wodi nzima inapumua sawasawa, jambo ambalo haliwezekani.

ELIBARIKI: Na sababu inajulikana, sista. Presha ina mashine, joto lina kipimajoto, oksijeni ina kile kibanio cha kidoleni. Pumzi inataka macho yako kwa dakika nzima. Wagonjwa 30 ni nusu saa ya kuhesabu tu, na zamu ya usiku mko wawili. Basi watu wanakadiria.

NEEMA: Na hiyo pumzi ndiyo namba ambayo mara nyingi hutangulia kubadilika.

ELIBARIKI: Ndiyo. Maambukizi yakiingia kwenye damu, au mtu akivuja damu ndani, tishu hazipati oksijeni ya kutosha na asidi inaongezeka. Mwili unaipunguza kwa kupumua haraka, kabonidioksidi itoke. Presha bado inaonekana nzuri, kwa sababu mishipa imejibana na moyo unakimbia kufidia. Presha ikishuka, mwili umeshashindwa kufidia.

NEEMA: Tuweke mfano. Mama wa miaka 58, siku ya tatu baada ya upasuaji wa tumbo. Presha 118/72, mapigo 104, joto 37.4, oksijeni 95 bila mashine, anaongea vizuri. Tumia alama za NEWS2, zile za chuo cha madaktari cha London, toleo la 2017: kila kipimo kinapewa alama, na jumla ikipanda hatari imepanda. Ukiandika pumzi 20, anapata alama 2: moja ya mapigo, moja ya oksijeni. Unamwacha hadi mzunguko ujao, baada ya muda wa saa 4 hadi 6.

ELIBARIKI: Kumbe ukihesabu kweli ni 26.

NEEMA: Pumzi 25 kwenda juu ni alama 3 peke yake. Jumla 5. Huyo anatakiwa kuonwa na daktari haraka na kupimwa kila saa. Mgonjwa ni yule yule, kitanda kile kile.

ELIBARIKI: Sasa namna ya kuhesabu. Mwezi wa saba hapa baridi ni kali, mgonjwa kajifunika blanketi hadi kidevuni, kifua hukioni. Lishushe hadi kiunoni, mwambie unapima mapigo, shika kifundo cha mkono na ukilaze juu ya tumbo lake. Akijua unahesabu pumzi, anabadilisha. Mkono wako unapanda na kushuka naye. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Sekunde 60 kamili. Ukihesabu 15 na kuzidisha kwa 4, kosa la pumzi moja linakuwa kosa la pumzi nne.

NEEMA: Na ukiwa hapo tazama shingo. Kile kishimo juu ya mfupa wa kifua kikizama kila anapovuta, au akishindwa kumaliza sentensi bila kukata, usisubiri jumla ya alama.

ELIBARIKI: Kuna wanaosema oksijeni 95 inatosha, kwa nini nihangaike? Hiyo 95 anaitunza kwa kuhema. Halafu kibanio chenyewe kinadanganywa na vidole vya baridi, rangi ya kucha na piko. Utafiti wa Marekani wa 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kinaficha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Hilo linatuhusu sisi moja kwa moja.

NEEMA: Upande wa chini nao una hatari. Aliyechomwa mofini au pethidini, zile dawa kali za maumivu, akipumua mara 8 kwa dakika au chini, mwamshe hapo hapo na uite msaada. Akiwa kwenye oksijeni kibanio kinaweza kusoma 98 huku kabonidioksidi inajaa.

ELIBARIKI: Turudi kwa mama yetu. Mwinue kichwa, sikiliza kifua, angalia kidonda na tumbo. Bonyeza ngozi ya kifua sekunde tano. Rangi ikichelewa zaidi ya sekunde mbili kurudi, andika. Pima mkojo kwenye mfuko: mtu wa kilo 60 akitoa chini ya mililita 30 kwa saa, mzunguko wa damu haumtoshi. Ndipo unapiga simu.

NEEMA: Na simu isianze na "dokta, mgonjwa hayuko vizuri." Sema: "Mama wa kitanda cha 6, siku ya tatu ya upasuaji wa tumbo. Pumzi 26 nimehesabu dakika nzima, jana 16. Mapigo 104, mkojo mililita 20 saa iliyopita, tumbo limekaza. Nahofia mshono wa ndani unavuja. Naomba uje umwone sasa."

ELIBARIKI: Akijibu "endelea kumwangalia"?

NEEMA: Muulize: ikifika ngapi nikupigie? Andika saa, jina lake na jibu lake kwenye faili. Baada ya nusu saa hesabu upya. Ikiwa 28, mpigie mkubwa wake wa zamu, na uanze na namba hizo mbili: 26, sasa 28.