Hondohondo na mti mzee wenye tundu

Haya jamani, tusogee mbele kidogo tusikilizane. Leo naongelea ndege hondohondo, na sio wote maana wako wengi, naongelea jenasi moja tu, yaani kundi moja la spishi za karibu, Bycanistes, wale wakubwa weusi kwa weupe wa misituni, spishi 6 au 7 inategemea unafuata hesabu ya nani, na wote ni wa Afrika. Huku Usambara tunao wawili, yule wa mashavu ya fedha ambaye dume ana pembe kubwa ya rangi ya krimu juu ya mdomo, na yule mdogo wake anayelia kama mtoto mchanga. Kakamega kule Kenya na Kibale kule Uganda kuna mwingine, na Afrika Magharibi yupo wa mashavu ya kahawia ambaye hali yake mbaya, misitu yake imekatwa sana.

Lakini kilichonileta hasa ni kiota. Hawa ndege hawawezi kutoboa mti wenyewe, wanategemea tundu lililojitengeneza kwenye mti mzee. Jike akiingia, dume anameza udongo, anaufinyanga vidonge kooni, anamtapikia, na jike anaziba mlango kwa ndani mpaka unabaki ufa mwembamba wa kupitisha ncha ya mdomo basi. Anakaa humo miezi mitatu, minne, anaatamia, analea, chakula chote analetewa. Dume anakuja koo limejaa matunda, anayatoa moja moja, anampa. Kuna dume mmoja alikadiriwa kuleta matunda 24,000 hivi kwa safari 1,600 ndani ya siku 120! Na mwisho wa yote hayo mara nyingi anatoka kinda mmoja tu. Kwahiyo ukimuua huyo dume umeua watatu.

Mbegu wanazitema mbali na mti mama, msitu unaota. Ni kweli wamesambaza na musizi, ule mti wa kuletwa uliovamia msitu wa Amani huku Usambara, ila aliyeupanda ni binadamu, ndege anakula anachokikuta.

Sasa watu wanasema mti wenye tundu hauna mbao ya maana, bora ukatwe uwe kuni. Naumia sana nikisikia hivyo. Tundu la kumtosha ndege mkubwa hivi linachukua miaka mingi mno. Kabla hujaleta msumeno zunguka shina, angalia chini kama kuna mbegu na kinyesi vimerundikana, halafu inua macho utafute udongo mkavu wenye ufa. Ukiuona, huo mti una watu.