Anategea, au Amepiga Hesabu?

Asanteni kwa kunikaribisha, na asante mwenyekiti kwa utangulizi, ingawa umenisifu mpaka nikageuka kuangalia kama kuna mgeni mwingine aliyeingia. Niliombwa nizungumzie uongozi na tabia ya binadamu kazini. Mada hiyo ni bahari, na mimi nimekuja na kikombe. Nitachota mahali pamoja tu: kwa nini watu wenye akili timamu na uwezo wao kamili wanafanya kazi chini ya uwezo huo, au wananyamaza huku wanajua jambo linaharibika.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilikabidhiwa kitengo kidogo cha watu tisa. Mmoja wao, bwana mpole asiye na makuu, alikuwa analeta ripoti yake Ijumaa saa kumi kasoro robo, kila wiki, bila kukosa. Nilidhani kazi inamlemea. Kisha Jumatano moja nikapita nyuma ya meza yake, nikaiona ripoti kwenye kompyuta imekamilika hadi jedwali la mwisho. Aliponisikia akaifunga, akafungua barua pepe. Ijumaa, saa kumi kasoro robo, ripoti ikaja. Nikamwandikia barua ya onyo, na neno nililolitumia ni "uvivu". Nitarudi kwa huyu bwana.

Kutegea kazi ni jambo la zamani. Frederick Taylor, mhandisi wa Marekani aliyechapisha kanuni zake za usimamizi wa kisayansi mwaka 1911, alilijua kwa ndani, maana kabla ya kuwa nyapara alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda hichohicho. Siku hizi Taylor anatajwa kama mtu wa saa mkononi na roho ngumu kifuani. Mimi namtetea kidogo. Alitofautisha kutegea kwa aina mbili. Kuna kule kwa asili, mwili kupenda nafuu, na huko hakukumsumbua sana. Kuna kule kwa mpango, wafanyakazi wanapokubaliana kimyakimya kiasi cha kutoa kwa siku. Na chanzo cha hiki cha pili alikisema waziwazi: mwajiri analipa kwa kipande, wafanyakazi wanajituma, mapato yao yanapanda, mwajiri anaona wanapata mno, anapunguza bei ya kipande. Ukishafanyiwa hivyo mara moja, hujitumi tena.

Mpaka hapo niko naye. Tatizo langu ni dawa yake: saa ya kuhesabu sekunde, njia moja bora ya kila kazi, na nyongeza kwa anayefikia kiwango. Kisa alichopenda kusimulia ni cha mpakia chuma wa kampuni ya chuma ya Bethlehem Steel huko Marekani, aliyepanda kutoka tani 12 na nusu kwa siku hadi tani 47 na nusu, na ujira wake ukapanda kutoka dola 1.15 hadi 1.85. Wanahistoria waliofukua nyaraka wameonyesha kwamba alikiremba kisa hicho. Lakini hata tukikichukua kama kilivyo, fanyeni hesabu wenyewe: kazi karibu mara nne, malipo nyongeza ya asilimia sitini na kidogo. Taylor aliamini mfanyakazi hataipiga hesabu hiyo. Agosti 1911, mwaka uleule wa kitabu, mafundi wa kalibu za kumiminia chuma katika karakana ya silaha ya jeshi la Marekani huko Watertown waliweka zana chini baada ya mmoja wao kupimwa kwa saa.

Sasa twende Hawthorne, karibu na Chicago, kwenye kiwanda cha Western Electric, watengenezaji wa vifaa vya simu. Wengi mnakijua kwa habari ya taa: zikiongezwa mwanga, kazi inapanda, zikipunguzwa, kazi bado inapanda. Hiyo naipita. Imesimuliwa mpaka imechakaa, na tafsiri yake ina ubishi usioisha. Chumba ninachotaka tuingie ni kingine, kile cha waunganisha nyaya, kilichochunguzwa kuanzia Novemba 1931 hadi Mei 1932. Kwa maoni yangu chumba hicho kina mafunzo zaidi ya taa zote.

Wamo wanaume 14. Tisa wanaunganisha nyaya za mitambo ya simu, watatu wanalehemu, wawili wanakagua. Pembeni amekaa mtafiti na daftari, haamrishi wala hashauri. Malipo ni ya kikundi: kikundi kikitoa zaidi, kila mmoja anapata zaidi. Kwa karatasi, kila mtu ana sababu ya kukimbia na sababu ya kumhimiza jirani yake akimbie. Kampuni imeweka kiwango cha viungo 7,312 vya nyaya kwa siku kwa mtu.

Wanaume hawa walikuwa na kiwango chao. Mitambo miwili kwa siku, viungo kama 6,600 kwa aina moja ya kazi, basi. Asubuhi walifanya kwa bidii. Wakikaribia idadi yao mchana, mikono inalegea. Anayemaliza mapema anaweka akiba: leo anaripoti pungufu kidogo ya alichofanya, kesho akichoka anajazia, ili kwenye ripoti mstari ubaki umenyooka, usimshtue mtu huko juu. Anayezidisha anapewa jina. Anayetoa kidogo mno naye anapewa lake, maana anawanyonya wenzake. Anayepeleka maneno kwa msimamizi ndiye mbaya kuliko wote. Kwetu majina yapo tayari: mwenye kiherehere, kupe, na mchongezi. Na kama jina halikutosha, kulikuwa na ngumi moja ya mkono wa juu, pale kwenye msuli. Walipigana hivyo kama mchezo, wakicheka, lakini aliyepigwa alijua kwa nini.

Mtafiti alipowapima akili na wepesi wa vidole, ikaonekana vipimo havilingani na kazi mtu anayotoa. Yule aliyekuwa wa mwisho kwa uzalishaji chumbani alikuwa wa kwanza kwa akili na wa tatu kwa wepesi wa mikono. Ningependa mtulie hapo kidogo. Meneja anayesoma takwimu za mwezi angemwona huyu kama mtu asiyeweza. Angempeleka mafunzoni! Na huko mafunzoni angeongoza darasa, kisha angerudi na kutoa kilekile.

Walikuwa wanaogopa nini? Sababu walizozitoa ni zilezile za Taylor: tukizidisha, bei itapunguzwa, au kiwango kitapandishwa, au mmoja wetu ataonekana wa ziada. Wachambuzi wa wakati ule walisema hofu hiyo haikuwa na msingi, ni hisia za kikundi tu. Mimi sikubali. Ule ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Viwanda vilikuwa vinapunguza watu kila upande, na uchunguzi wenyewe wa chumba kile ulikoma Mei 1932 kwa sababu kazi ilikuwa imekwisha. Watu waliokuwa wakiinyoosha kazi iliyobaki ili itoshe wote walikuwa wamesoma hali kuliko wataalamu waliokuwa wakiwasoma.

Basi yule bwana wangu wa Ijumaa. Nilikuja kumuuliza baada ya mwaka na zaidi, nikiwa nimeshahamishwa, tumekaa kama watu wawili wa kawaida. Akacheka. Akaniambia, "Mkuu, unakumbuka mwezi wako wa kwanza? Nilileta Jumanne." Sikukumbuka. Akanikumbusha: nilimsifu mbele ya kikao, halafu nikampa faili za mwenzake aliyechelewa. Wiki iliyofuata akaleta Jumatano, nikampa faili za mtu mwingine. Wale waliochelewa hawakuongezewa kitu, walipunguziwa. Niliyemfundisha kuleta Ijumaa saa kumi kasoro robo ni mimi, na nilimfundisha kwa wiki mbili tu. Robo saa ile, alisema, ni ili nisipate muda wa kumpa kazi nyingine kabla ya kufunga ofisi.

Tabia hii ya kumsoma mtu na kuruka mazingira tunayo sote. Nikichelewa mimi, ni foleni. Ukichelewa wewe, ndivyo ulivyo. Kurt Lewin, mwanasaikolojia, aliiweka katika fomula fupi miaka ya 1930: tabia ni zao la mtu pamoja na mazingira yake. Ofisi nyingi zimekariri nusu ya fomula. Fomu za tathmini ya mwaka zina safu kumi za mtu, na sijawahi kuona iliyo na safu moja inayouliza ofisi imemfanyia nini.

Kutegea kunagharimu pesa. Kunyamaza kunagharimu zaidi. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa Morton Thiokol, waliotengeneza roketi za pembeni za chombo cha anga cha Challenger, waliwaambia NASA, shirika la anga la Marekani, kwa simu wasirushe chombo chini ya nyuzi 12 hivi za Selsiasi, kwa sababu mpira unaoziba maungio hukakamaa kwa baridi. NASA hawakufurahi. Kampuni ikaomba ikae faragha kidogo. Katika kikao hicho mkuu mmoja akamwambia mwenzake, aliyekuwa mkuu wa uhandisi, avue kofia ya uhandisi avae ya menejimenti. Wakarudi kwenye simu wakiwa wameridhia. Asubuhi ilikuwa nyuzi 2 hivi, na sekunde 73 baada ya kuruka chombo kilisambaratika, na watu saba waliokuwamo wakafa. Waliosema walisema, na hilo liko kwenye kumbukumbu za tume iliyochunguza ajali hiyo. Kilichoniuma ni ile kofia. Mtu yuleyule, ujuzi uleule, kikao kilekile, na jibu likageuka kwa sababu ameambiwa yeye ni nani usiku huo.

Na ukitaka kujua ukimya unavyodanganya takwimu, mtafiti Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard alichunguza makosa ya dawa wodini katika miaka ya 1990, akitarajia timu zinazoelewana zikosee kidogo. Zikaonekana na makosa mengi zaidi. Alipochimba akaona huenda hazikosei zaidi, zinasema zaidi. Kwenye wodi nyingine makosa yalikuwa yanafichwa na ripoti inapendeza. Mkuu anayefurahia ripoti isiyo na doa ajiulize nani aliifua.

Mtaniuliza: sasa je, hali ikibadilishwa watu wanabadilika kweli? Kulikuwa na kiwanda cha magari cha General Motors huko Fremont, California, kilichofungwa mwaka 1982 kikiwa na sifa mbaya: utoro, migomo, magari yenye kasoro. Mwaka 1984 kikafunguliwa tena kwa ubia na Toyota, kwa jina la NUMMI, na wengi wa walioajiriwa walikuwa wafanyakazi walewale, chini ya chama kilekile. Zamani kusimamisha mstari wa uzalishaji kulikuwa kama dhambi. Gari lenye kasoro liliachwa lipite, lirekebishwe mbele. Sasa juu ya kila mfanyakazi kukawa na kamba. Ukiona kasoro unavuta, kiongozi wa timu anakuja, anauliza nikusaidie nini. Utoro ukashuka sana na ubora ukapanda haraka. Nisiwadanganye: General Motors ilipotaka kuupeleka mfumo huo viwanda vyake vingine ilihangaika miaka mingi. Kamba ni rahisi kufunga. Msimamizi ambaye hakasiriki ikivutwa ndiye wa kumtafuta.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kama Taylor. Nimalizie deni langu. Baada ya mazungumzo yale nilikwenda masjala kuomba barua ya onyo iondolewe kwenye faili la bwana yule. Karani akanisikiliza vizuri, akafungua kabati, akatafuta, akarudi akaniambia kuna fomu ya kuweka barua kwenye faili, lakini fomu ya kuitoa haipo. Akanishauri niandike barua nyingine ya kukanusha ile ya kwanza. Nikaiandika. Sasa zote mbili zimo humo, na ile inayosema "uvivu" ndiyo ya juu, kwa sababu ilipata namba kwanza.

Haya, maswali.