Kazi ya kuongoza ndege: anayeanza aingilie wapi?

Habari zenu, ndugu watazamaji. Tangu niliposema kwamba ninafanya kazi katika ofisi ya taarifa za safari za ndege huku ughaibuni, wengi wenu mmekuwa mkiniuliza jambo moja: mtu aliyemaliza masomo na asiye na uzoefu wowote aombe wapi kazi ya kuongoza ndege, yaani ya kuwaelekeza marubani kwa redio kutoka ardhini ili ndege zisigongane? Mimi mwenyewe si mwongoza ndege, ila nakaa nao jirani na ninaona wanavyoingia.

Jambo la kwanza la kulifahamu ni kwamba katika nchi nyingi mwajiri hukuchagua ungali hujui lolote, kisha yeye ndiye anayekupeleka chuoni, kwa sababu leseni ya mwongoza ndege hufungamana na mnara au kituo fulani pamoja na anga yake. Zipo shule zinazopokea wanafunzi wa kujilipia ada, na baadhi yake ni nzuri, lakini kabla hujatoa hata senti uliza ni mwajiri gani aliyewachukua wahitimu waliotangulia. Wakikujibu kwa kuzungukazunguka, ondoka.

Kwa hiyo utafutaji wako uanze kwa kumjua anayetoa huduma hiyo katika nchi unayoilenga. Mara nyingi ni mmoja tu, yaani mamlaka ya usafiri wa anga au shirika la umma, ingawa kuna nchi ambazo viwanja vidogo huendeshwa na kampuni binafsi, na kuna majeshi yenye waongoza ndege wao. Nafasi za wanaoanza hutangazwa kwa mafungu, na dirisha la maombi huweza kufungwa baada ya siku chache, hivyo anayesubiri kuambiwa na rafiki huchelewa. Wenye ndoto ya kuja kuifanya kazi hii Marekani nawaambia mapema: mamlaka ya huko, FAA, huajiri raia tu, na kwa kawaida anayeanza asiwe ametimiza miaka 31. Kibali cha ukaazi wa kudumu hakitoshi. Ndiyo maana mtu anayekuuzia ajira ya mnarani ng'ambo kwa ada ya usajili anakuibia, na sioni haja ya kutumia lugha ya upole hapo.

Vigezo vya msingi vimewekwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, katika Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago, ambao ni mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga. Leseni hutolewa kwa mtu asiyepungua miaka 21, japo mafunzo huweza kuanza kabla ya hapo. Afya hupimwa kwa kiwango cha ICAO kiitwacho daraja la tatu, ambapo macho, masikio na hali ya akili huangaliwa kwa makini. Na Kiingereza cha redioni kinatakiwa kifikie angalau ngazi ya 4 kati ya 6. Elimu inayodaiwa hutofautiana, lakini wapo waajiri wengi wasiohitaji shahada.

Kinachowaangusha wengi ni mtihani wa mchujo. Ulaya hutumika sana ule uitwao FEAST, uliotengenezwa na EUROCONTROL, shirika la nchi za Ulaya la kuratibu safari za anga, na kwingineko kuna mingine inayofanana nao. Hupimwi ujuzi wa ndege. Unawekwa mbele ya kompyuta yenye alama zinazosogea, unatakiwa utambue zipi zitagongana, na wakati huo huo sauti inakusomea tarakimu za kukumbuka au hesabu ya kichwa ya kasi na umbali, bila kalamu. Mwenye akili sana anayependa kulimaliza jambo moja ndipo ashike jingine hupata shida hapa, ilhali mtu wa kawaida anayeweza kuliacha jambo nusu, akashughulikia la dharura na kulirudia la kwanza bila kulisahau, hupita.

Kuhusu lugha, msidhani wanatafuta lafudhi ya Kizungu. Wanatafuta matamshi yanayoeleweka, na sikio linalogundua kwamba rubani amerudia maelekezo vibaya. Tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia huko Tenerife, kisiwa cha Uhispania, na watu 583 wakafa. Ukungu ulikuwepo, lakini pia yalikuwepo maneno yaliyoeleweka tofauti baina ya rubani na mnara. Anayekusikiliza kwenye usaili anayakumbuka hayo.

Ukichaguliwa, utasoma darasani na kwenye mtambo wa kuigiza hali halisi, kisha utaongoza ndege za kweli chini ya usimamizi wa mwenye leseni kwa muda usiopungua miezi mitatu, na mara nyingi zaidi sana. Wapo wanaoachishwa njiani, hata mwishoni kabisa, kwa hiyo katika mkataba angalia watakufanyia nini ukishindwa: wengine hukupa kazi nyingine, wengine hukudai gharama.

Ukikosa nafasi hiyo, usizidharau kazi za pembeni yake. Ofisini kwetu tunapokea mipango ya safari kutoka kwa marubani, tunaihakiki kabla haijasambazwa, na tunashughulikia matangazo ya tahadhari, kama vile winchi ya ujenzi iliyosimamishwa karibu na uwanja au taa za njia zilizozimika. Wapo pia wasaidizi wa waongoza ndege, na waratibu wa maegesho ya ndege. Kazi hizi hazikupi leseni, lakini zinakuzoesha lugha ya fani na zamu za usiku, na tangazo la ndani linakufikia mapema.

Kwenye usaili utaulizwa kwa nini unaitaka kazi hii, na jibu la "napenda ndege" wamelichoka. Omba kutembelea kituo ikiwa wanaruhusu, ujue anga yao imegawanywaje kati ya mnara (ndege zilizo uwanjani na jirani yake), udhibiti wa ukaribiaji (zinazokaribia au kuondoka uwanjani) na udhibiti wa eneo (zilizo safarini angani). Usiku wa kuamkia mchujo lala mapema, maana baadhi ya waajiri hawatoi nafasi ya pili kwa aliyeshindwa.