Nani kapigwa kofi? Maneno ya Kiingereza ndani ya habari za leo, kwa rafiki zetu Wachina

Jamani habari za jioni, asanteni kwa kuja. Naona wengi wenu mnaondoka mwezi wa tisa kwenda kusoma China na mimi nawaambia mapema kabisa, wiki ya kwanza tu pale chuoni kuna mtu atakufuata kwa upole akwambie mimi nitakufundisha Kichina, wewe nifundishe Kiingereza. Huyo wanamwita yuban, mwenzako wa lugha. Leo naongelea huyo mtu, maana tukimsomesha vile tulivyosomeshwa sisi tutampotezea muda wake bure.

Kwanza mjue hana shida ya kukosa maneno. Kwenye gaokao, ule mtihani wa kuingia chuo, Kiingereza kwa kawaida kina maksi 150 kati ya 750, afu akiingia chuo anakutana na CET-4, mtihani wa Kiingereza wa wanafunzi wa vyuo, ambayo inadai maneno kama 4,500 hivi, kwa hiyo maneno anayo tele, swali ni kayapataje. Wao wanasema bei danci, kukariri maneno, na hiyo bei ndo inaandikwa kwa herufi ileile ya mgongo, yaani unakigeuzia kitabu mgongo unaanza kutamka ulichokisoma. Vitabu vyenyewe vya msamiati vingi vimepangwa kwa alfabeti, ndo maana China nzima wanataniana kwamba neno la Kiingereza wanalolijua wote ni "abandon", kutelekeza, kwa sababu liko ukurasa wa kwanza na wengi wanakitelekeza kitabu hapohapo.

Wangu mimi nilimpata Beijing, kwenye kona ya Kiingereza ya Chuo Kikuu cha Renmin, pale watu wanakusanyika Ijumaa jioni wanasimama tu na kuongea. Dada mmoja makini sana. Ukimuuliza "retaliate" maana yake nini anakujibu kabla hujamaliza, ila mwambie atunge sentensi, kimya.

Sasa ikaja Aprili 2025, mnakumbuka ule mvutano wa ushuru, Marekani ikapandisha mpaka asilimia 145 kwa bidhaa za China na China ikajibu kwa 125. Siku hiyo akaja na simu mkononi, kuna kichwa cha habari kinasema Marekani "slaps tariffs" kwa China, kafungua kamusi kakuta "slap" ni kupiga kofi, akaniuliza kwa dhati kabisa, nani kapigwa kofi? Nikamwambia kwetu tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga kura, tunapiga chafya na hakuna anayeumia. Akafikiria kidogo akasema, hiyo ni kai yetu! Na kweli, Kichina kai ni kufungua, lakini kai deng ni kuwasha taa, kai che ni kuendesha gari, kai hui ni kufanya mkutano. Ndo maana Mchina anayeanza anakwambia kwa Kiingereza "open the light". Neno halitembei peke yake, lina wenzake, na kwenye orodha ya alfabeti wale wenzake wote wameachwa nje. Kwenye habari wapo, "impose tariffs", "lift tariffs", wiki nzima watu walewale wanatembea pamoja.

Halafu kuna jambo ambalo mimi lilinichukua muda kulielewa. Neno la Kichina mara nyingi linajieleza lenyewe, ushuru ni guanshui, guan forodha, shui kodi, mtoto wa shule analielewa. Volkano ni huoshan, mlima wa moto, basi. Chanjo yimiao, mche wa maradhi, ukilitafakari ni neno zuri sana. Sasa umpe mtu aliyezoea hivyo neno kama "tariff", ni boksi limefungwa, halioneshi kilichomo. Mfungulie! Hilo neno asili yake ni Kiarabu, lilipitia Italia likafika Uingereza, na maana yake ya mwanzo ni kujulisha, ni ndugu wa damu na taarifa yetu ya kila siku. Nilipomwambia hivyo hakulisahau tena.

Tulivyokuwa tunafanya ni rahisi. Habari moja, wiki nzima. Anaanza kuisoma kwa Kichina mpaka kisa akijue vizuri, maana huwezi kupambana na kisa kipya na maneno mapya kwa wakati mmoja, afu ndo anaingia kwenye Kiingereza na kuchukua maneno matano tu, siyo ishirini, kila moja na wenzake. Kesho habari ileile imeendelea, maneno yaleyale yanarudi yenyewe bila kukaririshwa.

Ila vichwa vya habari muwe navyo makini. Kichina hakina "the" wala "a" na kitenzi hakibadiliki jana wala kesho, sasa kichwa cha habari cha Kiingereza nacho kinaiacha "the" nje na kinasema jambo la jana kama la leo, kwa hiyo Mchina anajisikia yuko nyumbani, anaanza kuongea hivyohivyo barabarani. Kichwa kimvutie tu, asome aya ya kwanza.

Gazeti gani? China Daily, lipo tangu 1981, kwa kuanzia ni zuri kwa sababu mambo yenyewe anayajua, lakini lina misemo ambayo ni Kichina kilichovaa nguo za Kiingereza, kama "Two Sessions", yaani vikao vya bunge lao na baraza lao la ushauri kila mwezi wa tatu, ukimwambia mtu wa mtaani London hakuelewi. Akishapata nguvu atoke humo asome na kwingine. Na kama yuko kwenye CET-4 mwambieni tangu 2016 sehemu ya kusikiliza ina taarifa fupi za habari, atakaa vizuri tu.

Mfano mwingine niumalizie, geli. Wuhan ilipofungwa tarehe 23 Januari 2020 neno hilo lilikuwa kila mahali, kutenga watu. Kiingereza kinaligawa, mgonjwa anawekwa "isolation", aliyekutana na mgonjwa na bado hajulikani anawekwa "quarantine". Hapo usimpe tafsiri, mpe watu wawili na vyumba viwili, ataelewa.

Tarehe 12 Mei 2025 nilikuwa kwenye basi, nikapata meseji ya sauti kutoka kwa yule dada, anaongea kwa haraka mpaka anakosa pumzi. Mimi habari yenyewe nilikuwa sijaiona bado. Alikuwa anasema "they agreed to a truce, ninety days", wamekubaliana kusitisha ule mvutano wa ushuru siku tisini, yote kwa mkupuo, "agreed to" na "truce" yake pamoja.